VIUNGO VYA TRELA: NAMNA YA KUNUNUA KWA NAFUU BILA KUNUNUA HATARI

Muhula huu wanafunzi wa ufundi wa kidato cha tatu walitembelea karakana moja inayounda matrela na mabodi ya malori. Baada ya shikamoo na marahaba, fundi mkuu aliweka mezani pini mbili nene za chuma. Moja ilikuwa mpya. Ya pili ilikuwa kuukuu. Ilikuwa imejazwa chuma kwa kuchomelewa, kisha ikakerezwa hata iking'aa kuliko ile mpya.

"Wanangu," akauliza, "moja nimeinunua, na moja niliifanya ili niokoe fedha. Ipi imenigharimu zaidi?"

Wengi waliionyesha ile mpya. Mzee akatikisa kichwa. Akasimulia kwamba zamani, alipokuwa kijana, aliijaza pini iliyolika badala ya kununua nyingine. Lori likaenda safari mbili salama. Safari ya tatu, likiwa na shehena ya saruji, pini ikakatika katika kona ya mlima. Trela likaangukia pua, mipira ya upepo ikakatika, breki zikajifunga, likapinduka mtaroni. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu nyuma. Lakini saruji ilipotea, trela likapotea, na wateja wakapotea. "Hiyo ndiyo pini ghali kuliko zote nilizopata kuwa nazo," akasema. "Naiweka hapa ili kila kijana anayeanza kazi aione."

Maneno yale yametupa somo la muhula huu. Fundi wa mabodi hawezi kuishi bila kununua kwa nafuu, maana akinunua ghali atauza ghali, na mteja atakwenda kwa jirani. Hata hivyo bei ndogo si nafuu siku zote. Wazee husema rahisi huvunja upishi. Basi, fedha ziokolewe wapi, na wapi zisiokolewe kamwe? Tutazame kwa utaratibu, na kwa hesabu.

1. Viungo vyenyewe

Lori la trela lina sehemu mbili: kichwa chenye injini, na trela linalobeba mzigo. Juu ya kichwa, nyuma ya chumba cha dereva, hufungwa sahani pana ya chuma yenye mkato nyuma na taya ndani yake. Sahani hiyo huitwa gurudumu la tano. Jina hili latoka katika magari ya farasi ya zamani, ambayo juu ya ekseli ya mbele yalikuwa na duara la chuma lililolala, ili ekseli iweze kugeuka. Likahesabiwa kuwa gurudumu baada ya yale manne. Mwaka 1914 huko Detroit, Marekani, fundi August Fruehauf aliunda trela la kubebea mashua, likavutwa na gari la Ford. Tangu siku hizo kazi ya kuunganisha trela na gari imekuwa kazi ya mafundi wa mabodi.

Chini ya trela, upande wa mbele, limo bati nene, na katikati ya bati imefungwa pini kuu. Kichwa kinaporudi nyuma, pini huingia katika mkato wa sahani, na taya huikamata shingoni. Mzigo wote wa tani nyingi huvutwa kwa shingo ile, ambayo unene wake ni milimita 50.8, yaani inchi 2 tu. Mwanafunzi na aikumbuke namba hii.

Yako pia matrela yanayovutwa na lori lenye bodi lake lenyewe. Haya hayana pini. Yana chuma cha kuvutia chenye tundu mwishoni, liitwalo jicho, nalo huingia katika kiungo kilichofungwa nyuma ya lori. Pamoja na viungo hivi vikubwa, muunda trela hununua miguu ya kulisimamishia trela lisipokuwa na kichwa, mipira na viungo vya upepo wa breki, nyaya na soketi za taa, na boliti za kufungia.

2. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Wanunuzi wengi huingia dukani na kusema, "Nipe iliyo imara." Mwenye duka naye humpa iliyo ghali. Mnunuzi mwenye elimu huingia na namba mkononi. Namba hiyo huitwa thamani ya D. Ni kipimo cha nguvu ambayo kiungo lazima kiistahimili kati ya kichwa na trela, nayo hupimwa kwa kilonyutoni. Kwa sahani na pini, kanuni yake ni hii:

D = 9.81 × 0.6 × T × R ÷ (T + R − U)

T ni uzito wa kichwa kwa tani, pamoja na ule uzito wa trela unaokikalia. R ni uzito wote wa trela na mzigo wake. U ni uzito unaoikalia sahani. Namba 9.81 yatokana na mvutano wa dunia.

Natuchukue mfano wa barabara zetu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 yaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa zilizo pamoja na zenye matairi mawili mawili, na tani 24 kwa ekseli tatu za trela zilizo pamoja. Jumla ni tani 50. Basi T ni 8 + 18, yaani tani 26. Kama kichwa kitupu kina tani 9, U ni 26 − 9, yaani tani 17. R ni 24 + 17, yaani tani 41.

26 × 41 = 1,066
26 + 41 − 17 = 50
1,066 ÷ 50 = 21.32
21.32 × 0.6 × 9.81 = 125.5

Hivyo kiungo chetu chahitaji D isiyopungua kilonyutoni 125.5, na sahani iwe na uwezo wa kubeba tani 17. Sahani za kawaida za pini ya inchi 2 huwa na D ya 150 au zaidi kidogo, na uwezo wa tani 20. Zatosha, na akiba yabaki. Mtu akiuziwa sahani ya mizigo mizito mno, ya kubebea mitambo ya migodini, ametupa fedha; tena amelipa uzito wa chuma ambao kila safari utapunguza mzigo halali. Lakini mwenye kununua ndogo kuliko namba yake amenunua hatari. Hesabu hii ya dakika tano ndiyo nafuu ya kwanza, nayo haina gharama ila karatasi na kalamu.

3. Vipimo vilingane

Nafuu ya pili ni kulingana. Pini ziko za aina mbili: ya inchi 2 na ya inchi 3½. Pini ya inchi 3½ haiingii katika taya za inchi 2. Mwenye trela la pini nene hawezi kuazima kichwa cha jirani chake kikiharibika safarini, ila kama nacho kina taya nene. Vivyo hivyo kwa macho ya kuvutia: tundu la milimita 40 na la milimita 50 havibadilishani.

Karakana iliyochagua kipimo kimoja kwa kazi zake nyingi hununua kwa wingi, huweka spea chache, na vijana wake huzoea kazi. Karakana yenye aina saba stooni hukosa daima ile ya nane inayotakiwa siku hiyo.

Liko pia kosa dogo linaloleta hasara kubwa. Pini kuu hutengenezwa kwa bati la unene maalumu: milimita 8, 10, 12 na kuendelea. Pini ya bati la milimita 8 ikifungwa katika bati la milimita 12, itatokeza pungufu kwa milimita 4, na shingo yake itakaa juu mno mbele ya taya. Taya zitaonekana zimefunga, kumbe hazikukamata vizuri. Kwa hiyo pima bati kwanza, ndipo uagize pini. Na kama bei inaruhusu, chagua pini ya kufungwa kwa boliti, maana ikilika hubadilishwa bila kukata bati.

Kimo cha sahani nacho kipimwe, kwani ziko fupi na ndefu, kama milimita 150, 185 na 250. Trela likikaa juu mbele na chini nyuma, mzigo hauenei sawasawa katika ekseli, na mwenye lori atalipa faini mizani kwa kosa la muundaji.

4. Pa kubana na pasipobanwa

Chora mstari katika daftari lako. Upande mmoja andika vitu ambavyo vikivunjika trela hukatika: pini kuu, sahani na taya zake, jicho la kuvutia, na boliti zinazovifunga. Upande wa pili andika ambavyo vikivunjika safari huchelewa: vikinga tope, vishikio vya taa, masanduku ya vifaa, mabano ya kushikia mipira, na kishikio cha tairi la akiba.

Vitu vya upande wa pili vingi vyaweza kuundwa hapa hapa kwa vyuma vinavyobaki baada ya kukata chesisi. Hapo ndipo pa kubana. Vitu vya upande wa kwanza havitengenezwi kichochoroni. Pini hufuliwa kwa chuma maalumu, kisha hupashwa moto na kupozwa kwa kipimo ili iwe ngumu bila kuwa dhaifu. Moto wa kuchomelea huiharibu tabia hiyo, na chuma huanza kupata nyufa tusizoziona kwa macho. Ndiyo sababu watengenezaji wanakataza kujaza pini iliyolika au kuinyosha iliyopinda. Pini iliyoharibika hutupwa, basi.

Miguu ya trela, mipira ya upepo na soketi vimo katikati. Vyaweza kununuliwa kwa mtengenezaji wa bei ndogo, mradi vipimo vilingane na vijaribiwe kabla ya kufungwa. Mipira ya breki isiwe ya mashaka kamwe.

5. Bei ya dukani na gharama ya mlangoni

Kiungo kinachoagizwa nje kina bei mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani. Ya pili ni ile iliyokwisha fika mlangoni pa karakana, na humo mna nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, malipo ya bandari, wakala wa forodha na usafiri wa nchi kavu. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 Kenya. Ushuru hutegemea namba ya bidhaa katika sura ya 87 ya orodha ya forodha, ambamo vipuri vya trela na vipuri vya gari vina mafungu mbalimbali. Namba ikiandikwa vibaya, mtu hulipa zaidi au huingia katika kesi. Afadhali kumwuliza wakala kabla ya mzigo kupakiwa.

Sasa tazama hesabu hii, ambayo ni ya mfano tu. Karakana yatumia sahani 2 kwa mwezi, na kila moja ina thamani ya Sh. 1,000,000. Kila shehena, iwe kubwa au ndogo, ina gharama za kudumu za Sh. 3,000,000. Fedha zimekopwa kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi.

Akiagiza sahani 5: gharama za shehena ni Sh. 600,000 kwa kila sahani. Zitakaa stooni miezi 2½, na kwa wastani nusu yake ndiyo imelala. Riba ni Sh. 18,750 kwa kila moja. Jumla ya nyongeza: Sh. 618,750.

Akiagiza 20 peke yake: gharama za shehena ni Sh. 150,000, lakini zitakaa miezi 10. Riba ni Sh. 75,000. Jumla: Sh. 225,000.

Karakana nne zikishirikiana kuagiza 20, kila moja ikachukua 5: gharama za shehena ni Sh. 150,000, na riba ni Sh. 18,750. Jumla: Sh. 168,750.

Twaona nini? Ushirika umeokoa Sh. 450,000 kwa kila sahani, na ubora wa chuma haukuguswa hata kidogo. Kumbe nafuu kubwa yaweza kupatikana katika safari ya kiungo, wala si katika kiungo chenyewe. Mafundi wa mtaa mmoja wanaonyimana habari hulipia wivu wao kila mwezi.

6. Gharama ya miaka

Sahani hulika. Tuseme ya kwanza yauzwa Sh. 1,200,000, na seti ya kuikarabati, yenye taya na vipande vya kulika, yapatikana mjini kwa Sh. 300,000. Ya pili yauzwa Sh. 800,000, lakini seti yake haipatikani popote. Zote mbili zikilika baada ya miaka miwili, kwa miaka minne ya kwanza itagharimu Sh. 1,500,000, na ya pili, kwa kuwa lazima inunuliwe upya, Sh. 1,600,000, bila kuhesabu siku lori linaposubiri. Kwa hiyo usiulize bei ya sahani kabla ya kuuliza, "Spea zake ziko wapi?"

7. Kagua kabla ya kulipa

Kiungo kilichoidhinishwa kwa Kanuni ya 55 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Pia huandikwa thamani ya D, na kwa sahani, U. Alama yaweza kuigwa. Kwa hiyo taka hati ya idhini, na ulinganishe namba yake na ile iliyo katika chuma.

Chukua kalipa ya vernia. Shingo ya pini ya inchi 2 iwe milimita 50.8, na sehemu nene ya juu iwe 73. Pini iliyofika 49 shingoni au 71 juu imekwisha. Ukiuziwa sahani iliyotumika, ondoa grisi yote, tazama nyufa na taya, na uikatae ikiwa imepakwa rangi nzito pasipohitaji rangi. Pini iliyotumika usinunue kabisa.

Soma vichwa vya boliti. Boliti ya 8.8 ina nguvu ya kukatika ya nyutoni 800 kwa milimita mraba, nayo huanza kunyooka ikifika asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Ya 10.9 ni 1,000 na 900. Boliti isiyo na namba haina mahali katika viungo hivi.

Mwisho, andika yote: tarehe, muuzaji, namba ya kiungo, na trela lililofungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku muuzaji akisema, "Hiki sicho nilichokuuzia," daftari litajibu.

8. Neno la mwisho

Wazazi wengine huuliza hesabu za darasani zitamsaidia nini kijana atakayeshika nyundo. Jibu liko katika meza ya yule mzee. Aliyejaza pini hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa kijana hodari asiyejua namba yake. Dereva anayeteremka Kitonga usiku, na mama anayeuza ndizi kando ya barabara ile, hawamjui fundi aliyefunga pini, wala hawawezi kumkagua. Wameweka maisha yao mikononi mwake bila kuulizwa. Basi fundi na abane katika vikinga tope, abane katika nauli, abane kwa kushirikiana na jirani. Lakini pale penye milimita 50.8, asibane.

Maswali ya kujipima

1. Kwa trela la kuvutwa kwa jicho, D = 9.81 × T × R ÷ (T + R). Lori lina tani 26 na trela tani 30. Tafuta D. (Jibu liwe karibu na 137.)

2. Katika hesabu ya sehemu ya 5, karakana mbili tu zikiagiza sahani 20 na kugawana nusu kwa nusu, nyongeza kwa kila sahani itakuwa shilingi ngapi?

3. Pini ya bati la milimita 10 imefungwa katika bati la milimita 8. Eleza kosa litakalotokea.

4. Tembelea karakana iliyo karibu nanyi, ukiwa na ruhusa ya wenyewe. Orodhesha viungo kumi, uvigawe katika pande mbili za ule mstari wa sehemu ya 4, na utoe sababu zako.